Chipu ya Miguu Ishirini na Minane

Jumatatu, 4 Machi

Mwanyumba,

Kifurushi kimefika. Nimehesabu: chipu kuu ya miguu arobaini, moja. Chipu ya programu, moja. Chipu ya kumbukumbu ya miguu ishirini na minane, moja. Chipu ndogo za miguu kumi na minne, kumi na moja, na kwenye orodha yako uliandika kumi na mbili. Sisemi kitu. Labda hiyo moja ilipenda mjini ikabaki, kama watu wengine. Nimechomoa nyingine kwenye kikokotoo kibovu cha ofisi na maisha yanaendelea.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanishinda maneno. Kwenye karatasi tunalingana.

Bodi niliimaliza Jumamosi, kwa mchoro uleule uliounakili wewe. Lehemu zote nimezipitia kwa lenzi, moja moja. Nikaiwasha kwa mapigo milioni nane kwa sekunde kama mchoro unavyosema. Ikahesabu vizuri, namba mia nne kila sekunde, mpaka 271,440, ikasimama kama punda aliyekataa mzigo. Nikaizima, ikapoa, nikaiwasha: 269,002. Tena: 270,115. Kila mara ni dakika ya kumi na moja na ushei. Chipu ndogo nimezibadilisha nafasi zote. Waya nimezivuta moja baada ya nyingine. Umeme wa bodi nimeutengeneza mwenyewe kwa mkono wangu, huo sina haja ya kuupima mara mbili. Kilichobaki ni vile vilivyotoka kwako.

Unajua vizuri kuna nini tarehe 18 Mei. Chuo cha ufundi wanataka mashine zilizotengenezwa nyumbani kwa vifaa vya zamani. Mashine ihesabu saa nzima mbele ya wakaguzi bila kusimama, na zikilingana, inashinda iliyohesabu mbali zaidi. Mwenye nayo anapewa nafasi ya mkufunzi wa karakana, na kwenye tangazo wameandika: cheti si lazima. Maneno hayo matatu nimeyasubiri miaka ishirini na sita. Sasa nasikia na wewe umejiandikisha. Mtu mwenye diploma, mwenye ofisi, mwenye kiti cha kuzunguka. Sisi tuliooa mtu na mdogo wake, mama mkwe anakuita Injinia, mimi ananiita yule wa redio. Hata hilo bado halikutoshi?

Niambie ukweli: yako inaenda?

Msalimie mama watoto wangu. Mwambie kumsaidia mdogo wake kulea kichanga ni jambo jema, lakini hii ni wiki ya tatu na mimi napika mwenyewe.

Fundi


12 Machi

Mwanyumba mpendwa,

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Mkeo alicheka pale pa punda hadi akamwamsha mtoto. Basi adhabu ya kumbembeleza nikapewa mimi.

Yangu inaenda. Jumapili iliyopita iliwaka saa moja na dakika arobaini, nikaizima mwenyewe kwa sababu mke wangu alitaka soketi ya pasi. Yako nadhani ina lehemu iliyopoa kabla ya kushika. Hata wewe inaweza kukutokea, usinune. Safisha miguu ya chipu, bonyeza kila moja ikae vizuri, halafu weka kapasita ndogo ya kutuliza umeme karibu na kila chipu kama hukuweka. Vifundishwavyo mwaka wa kwanza ndivyo tunavyovisahau.

Hiyo chipu ya kumi na mbili naomba radhi, nilihesabu vibaya. Lakini zilizokuja kwako nilizichagua, amini usiamini.

Nimejiandikisha kwa kujifurahisha tu. Usinichukulie vibaya.

Njoo Pasaka tukutane, umwone mtoto. Lete na mikono yako, mashine yangu ina lehemu kama kinyesi cha mbuzi na wewe ndiye unayejua kulehemu.

Mwanyumba wako, Injinia (jina ni la mama mkwe, si langu)


20 Machi

Mama Watoto,

Natumaini hujambo, mdogo wako hajambo na kichanga kinanyonya. Watoto wetu wameandika kutoka bweni, wanataka sabuni na viatu.

Sasa nisikilize, na barua hii ukiisoma usiisome mezani. Shemeji yako ameniandikia eti nimesahau mambo ya mwaka wa kwanza. Sikuwa na mwaka wa kwanza mimi. Mwaka wa kwanza wangu ulikuwa kufagia duka la fundi redio, na wa pili kulichoma dole gumba. Mchoro mmoja, mnunuzi mmoja, soko moja. Yake inaenda dakika mia moja, yangu kumi na moja. Ukigawanya unapata tisa na kitu. Hakuna lehemu mbaya ya mara tisa. Hapo kuna mtu aliyenunua chipu mbili, moja halisi na moja feki, akajua ipi ni ipi.

Unajua wanavyofanya? Wanaokota chipu kuukuu kwenye takataka, wanaipiga msasa juu, wanapaka rangi nyeusi, wanachapa namba ya chipu ya haraka. Ukiiona unaweza kuiposa. Ukiiwasha inakimbia kidogo, ikipata joto inachoka. Ndiyo hii ya kwangu.

Kwa hiyo: kwenye mashine yake, chipu iliyo upande wa kushoto wa ile ndefu kuliko zote, ina miguu kumi na minne kila upande. Ninakutumia ya kwangu ndani ya bahasha, imefungwa kwenye karatasi ya sigara. Akienda kazini, chomoa yake taratibu kwa ncha ya kisu, chomeka hii, kialama cha nusu mwezi kielekee juu. Dakika mbili haziishi.

Usiniulize kama ni wizi. Mtu akichukua haki yake, huo unaitwa ukaguzi.

Na unaniandikia "shemeji kasema, shemeji kafanya" mara saba kwenye ukurasa mmoja. Nimehesabu.

Mumeo


29 Machi

Baba Watoto,

Chipu yako nakurudishia humu humu ndani ya karatasi yake. Sitachomoa kitu cha mtu ambaye kila asubuhi ananitengea chai kabla sijaamka. Miaka kumi na tisa nimekula nawe, na leo ndiyo mara ya kwanza unaniona mimi ni bisibisi.

Halafu hukujua nilichokiona. Wiki ile nilipofika, shemeji (ndiyo, nimeandika tena, hesabu) alikuwa na chipu mbili mezani, za miguu hiyo ishirini na minane. Alichomeka ya kwanza, mashine ikaenda kidogo ikazimia. Akapunguza mwendo, sijui mnauita mapigo, akaweka nusu, ikaenda. Akachomeka ya pili kwa mwendo wote, ikaenda mpaka tukala tukamaliza. Mdogo wangu akamwambia, basi si ubaki na hiyo? Akasema, "Ya Fundi iende mwendo wote. Yeye ndiye anayeitafuta hii kazi." Akaifunga na pamba, akaandika jina lako juu ya boksi.

Sasa nawe ulihesabu miguu na hukuhesabu pamba.

Tafuta ugonjwa wako nyumbani kwako. Bahasha hii nampa mpeleka vifurushi leo, akisema atafika kesho basi atafika keshokutwa. Usinijibu kwa hasira, jibu ukishakula.

Mama Watoto


9 Aprili

Mwanyumba,

Tulikukosa ulipoondoka. Mtoto tangu umbebe amekuwa mzito, mke wangu anasema ulimtia risasi ya kulehemia. Mama mkwe naye alipiga simu kuuliza kama yule wa redio alikula vizuri. Nikamwambia alikula, kisha akakaa na mashine yangu tangu saa nane mchana mpaka tukamtoa kwa chai.

Sasa nikuambie kioja. Wewe uligusagusa lehemu zangu pale nilipokwenda dukani kununua maziwa. Si kitu kikubwa, ulisema, pointi nne tano hivi. Juzi nikasema ngoja nijaribu bahati, nikarudisha mapigo milioni nane. Ikaenda. Saa moja, saa mbili, haikutikisika. Nilikuwa nimeificha aibu hii: kule nyuma ilikuwa inaenda milioni nne tu, yaani nusu. Nilipokuandikia kwamba inaenda sikusema mwendo, na wewe hukuuliza. Lo, mikono yako ina baraka.

Nifundishe ulifanyaje.

Injinia


18 Aprili

Mwanyumba,

Nifundishe ulifanyaje, umeandika. Basi kaa chini nikufundishe.

Nilipotoka kwako nilikuta mlangoni kwangu bahasha ya mama watoto. Alikuwa ameipeleka siku mbili kabla sijapanda gari kuja kwenu, ikafika nimeshaondoka. Yeye nyumbani kwako hakunigusia, akidhani nimeisoma na nimeona haya. Humo ndani mlikuwa na chipu na maneno. Maneno sikuyasoma siku hiyo. Niliona chipu yangu imerudi nikajua mke kakataa, nikasema shauri yake, mimi nimeshafanya.

Nimeshafanya nini? Nilikuja kwako na chipu nyingine mfukoni, ya miguu ishirini na minane.

Hapana. Nimeanza kudanganya hata kwenye barua ya kukiri. Nianze upya.

Bahasha ilinifikia asubuhi ile ile ya safari, nikiwa na mkoba begani. Niliifungua, nikatoa chipu, nikaitia mfukoni. Barua niliiacha mezani bila kuisoma, kwa kuwa nilijua itaniambia nisifanye. Ulipokwenda kununua maziwa nilichomoa chipu yako ya kumbukumbu nikachomeka yangu. Hizo pointi nne tano za lehemu nilizichezea ili nipate sababu ya kuwa nimeshika pasi ya kulehemu. Zilikuwa nzima, hata si za mbuzi, unajidharau bure.

Nikarudi na yako. Nikaiweka kwenye bodi yangu nikijipiga kifua. Ikafa dakika ya nne. Nikairudia mara saba, mara sita dakika ya nne, mara moja ya tatu. Nikachukua thina ya kuyeyushia rangi na kitambaa cheupe, nikaipangusa usoni. Wino ukatoka wote. Chini yake kulikuwa na mikwaruzo ya msasa na namba nyingine ya chipu ya polepole, ya miaka ya nyuma kabisa. Ndipo nikaenda mezani nikaisoma barua ya mke wangu. Niliisoma nimesimama. Nikakaa nikaisoma tena.

Kwa hiyo kwa mkono wangu nilichukua feki yako nikakupa halisi yangu. Uliyonipa wewe kwa pamba.

Ilinibaki nijue kwa nini halisi ilikuwa inakufa dakika ya kumi na moja. Nikatundika mita kwenye ule umeme nisiokuwa na haja ya kuupima mara mbili, nikakaa na saa. Dakika ya kwanza volti tano kamili. Ya tano, nne nukta tisa. Ya nane, nne nukta saba. Ya kumi na moja, nne nukta nne, na mashine chali. Ile regyuleta yangu, kijidude cha miguu mitatu kinachoushikilia umeme usishuke, nilinunua mwenyewe, kumi kwa mpigo, nikajisifu. Nimezipangusa zote kumi. Wino umetoka, zote zimebaki na upara.

Nimeshafunga regyuleta nyingine, niliyoitoa kwenye redio ya zamani sana ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Umeme sasa haushuki. Kwa hii feki yako, milioni nane inakufa, milioni nne inaenda saa nzima. Chipu yangu iko kwako, na wewe unahesabu 1,440,000 kwa saa wakati mimi nahesabu 720,000. Hesabu hiyo sikufundishwa chuoni lakini naijua.

Nimekuibia. Nimekuibia vibaya, nikajiibia mwenyewe. Fanya unavyoona.

Fundi


27 Aprili

Mwanyumba,

Nimekaa na barua yako siku nne. Mke wangu sijamwonyesha.

Nami nikiri nusu yangu. Niliposema mikono yako ina baraka, sikuwa mjinga kiasi hicho. Hakuna lehemu tano zinazoongeza mwendo mara mbili. Siku ile ilipoenda milioni nane niliitazama ile chipu muda mrefu. Ningeweza kuichomoa nikaangalia. Sikuichomoa. Nilijiambia kwamba nisichokiona hakinihusu, nikakuandikia maneno matamu ili nione utasema nini. Ungenyamaza, nami ningenyamaza.

Kilichoniuma si chipu. Ni kwamba ulikaa kwenye kiti changu, ukambeba mtoto wangu, huku moyoni unaniona tapeli. Tangu lini? Tangu harusi?

Chipu ni yako. Nitakuja nayo tarehe 18, mlangoni kabla ya kuingia tubadilishane, hakuna wa kujua. Mimi nitakwenda na milioni nne. Kwangu ni mchezo tu.

Injinia


30 Aprili

Baba Watoto,

Najiandaa kurudi, wiki ijayo nitakuwa nyumbani. Mdogo wangu sasa anaweza mwenyewe. Umeniandikia ulichokifanya kwa mistari miwili na nusu, nami nitakujibu tukionana, maana hayo si ya karatasi.

Lakini kuna jambo nimelibeba wiki tatu na siwezi kufika nalo mlangoni. Jumatano moja nilikwenda kununua dawa ya tumbo la mtoto, upande wa pili wa mji ambako hakuna anayetujua. Nikamwona shemeji ndani ya maktaba ya manispaa, dirishani. Amevaa tai. Mkoba wa kazi uko miguuni. Mbele yake gazeti la juzi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikarudi Ijumaa saa nane mchana, makusudi. Kiti kilekile. Chakula alichofungiwa na mkewe anakula kwenye ngazi za nje, halafu anapangusa mikono, anaingia tena mpaka saa kumi na moja, anarudi nyumbani anasema leo kazi zilikuwa nyingi.

Nilimuuliza mlinzi wa mlangoni kama anamfahamu mtu yule. Akasema, "Yule mzee wa tai? Tangu Septemba huyo. Mpole sana."

Mdogo wangu hajui. Mama hajui. Mimi sijamwambia yeyote ila wewe. Sikwambii ufanye nini na hiyo kazi. Miaka yote kumi na tisa nimekuona ukiisubiri, naijua njaa yako kuliko ninavyomjua yeye. Nimekwambia tu kwa sababu nisingekwambia, siku moja ungeniuliza kwa nini.

Kumbuka kununua mkaa.

Mama Watoto


22 Mei

Mwanyumba,

Mama watoto amesimama nyuma yangu, anasema niandike kabla sijapata visingizio.

Kwanza, usinishukuru. Uliniandikia kijikaratasi cha shukrani ukampa mama mkwe alete, na mama mkwe ameshamwambia kila mtu kwamba yule wa redio ana moyo mweupe. Sina. Pale mlangoni uliponinyooshea kile kiboksi, nikasema kaa nayo, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika mkono wangu wa kulia nyuma ya mgongo. Hukuona kwa sababu ulikuwa unatazama chini. Uliniuliza kwa nini. Nikakujibu kwamba sichukui kitu mara mbili kwenye soketi moja. Jibu lilikuwa zuri, nimelipenda mwenyewe, lakini silo.

Pili, hesabu. Yako: 1,440,212. Yangu: 720,096. Zote mbili zilimaliza saa, zile nyingine sita zikafa njiani, na moja ilitoa moshi. Ningekuwa na chipu yangu, ningekuwa na 1,440,000 na zaidi, na wewe ungekuwa na nusu, na jina lingesomwa langu. Hilo silikisii, nimelifanyia hesabu mara mbili, na safari hii nimepima na umeme.

Tatu, yule mkaguzi mwenye miwani. Aliinama kwenye bodi yangu akakaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye yako. Nilimtazama, usikatae. Akaniuliza nilisoma wapi kulehemu. Nikasema sikusoma. Akasema, "Inaonekana," akatabasamu, na mpaka leo sijui alikuwa ananisifu au ananizika. Halafu akakuita wewe mbele. Mkeo alipiga makofi mtoto akiwa mgongoni. Wangu hakupiga. Alinishika kiwiko.

Nimekuonea wivu tangu harusi. Uliuliza, ndiyo jibu. Siyo kwamba niliamini wewe ni tapeli. Niliamini kwamba vitu vinakuja kwako vimeshafungwa na pamba, na kwangu vinakuja vimepigwa msasa. Hata sasa ninavyoandika, najua umepata ile karakana kwa chipu ambayo niliitia mimi kwenye mashine yako kwa mkono wangu, ukiwa umekwenda kununua maziwa, nikiwa nakuibia. Mtu mwingine angecheka. Mama watoto amecheka. Mimi bado.

Jumatatu unaanza. Utatoka nyumbani saa ile ile unayotoka siku zote, na tai ile ile, hakuna atakayeona tofauti. Kule karakanani wanunulie wanafunzi thina na kitambaa cheupe kabla ya kitu kingine chochote, na waambie waanze na vile walivyonunua wenyewe.

Jana mchana niliwasha yangu tena hapa dukani. Wateja wawili walingoja redio zao, wakaitazama, mmoja akauliza inafanya nini. Nikamwambia inahesabu. Akauliza inahesabu nini. Nikamwambia inahesabu tu. Akaondoka. Ilienda saa moja na dakika hamsini na mbili, milioni nne, haikutikisika.

Hongera sijaiandika. Nimejaribu kwenye karatasi tatu na zote nimezichana. Ikiiva nitaituma.

Fundi